Kijani Upande wa Kushoto

Thami alikuwa fundi wa vigae mjini Fez, fundi anayeitwa Maalem, yaani fundi mkuu, hata na wasiompenda, naye alikuwa haijui rangi ya kijani. Heri lisemwe mapema, maana mwenyewe alilificha tangu utotoni mpaka ndevu zikaota mvi, na lilipofumuka lilifumuka mbele ya mtaa mzima.

Macho yake hayakuwa mabovu. Aliona ufa wa kigae kabla kidole hakijaugusa. Nyeupe, nyeusi na buluu alizijua kama watu wengine. Lakini kijani na rangi ya asali kwake zilikuwa kitu kimoja, kitu cha kahawia kilichopauka, na angeweza kukikodolea macho asubuhi hadi adhuhuri asipate tofauti. Alizaliwa hivyo. Wapo watu wa namna hiyo, wengi kuliko tunavyodhani, ila wengi wao hawakuchagua kula mkate wao kwenye ukuta wa rangi.

Alilijua jambo lenyewe siku mama yake, Lalla Fadila, alipokuwa akidarizi gauni la binti yake mdogo, Zhor. Alimtuma Thami chumbani akalete uzi wa hariri wa kijani. Thami akaleta wa asali.

"Nimesema kijani, mwanangu."

Akarudi, akachukua mwingine, akaomba Mungu. Ulikuwa wa asali pia. Lalla Fadila akamchapa kofi la shavu. "Una macho wewe, au una matundu tu?"

Zhor, mtoto wa kuota meno ya pili, aliona ndiyo sherehe ya mwaka. Akazunguka ua mzima akiruka kwa mguu mmoja na kuimba: "Thami punda, Thami punda, kala nyasi kadhani asali!" Wimbo huo aliuimba mpaka sikukuu ikapita. Watoto husahau walichowafanyia wenzao, lakini aliyefanyiwa hasahau. Tangu hapo Thami hakuuliza tena rangi ya kitu chochote kwa mtu yeyote. Kuuliza si ujinga, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakuimbiwa ule wimbo.

Baba yao alikuwa mchoma vigae, basi kazi ya mtoto ilishajulikana. Alipelekwa kwa Maalem Allal, mzee mwenye mdomo mchafu na mkono safi. Siku ya kwanza mzee alimpa uzi na chokaa, akamwambia apige mstari sakafuni.

"Haya. Umefanya nini?"

"Nimepiga mstari, Maalem."

"Umeigawa dunia, bwege wee. Kulikuwa na sakafu moja, sasa ziko mbili. Mstari si mchezo. Kaufunge huo, usiuache ukizurura."

Ndivyo alivyofundisha, kwa matusi. Mstari ukirudi ulikotoka umezaa umbo. Maumbo mawili yakikaa jirani, uwazi ulio kati yao nao ni umbo, na asiyeuona uwazi huo akauze nanaa sokoni. Umbo jeupe liweke karibu na jeusi, ndipo jicho lijue pa kuanzia na pa kupumzika. Kisha fumba macho upitishe kiganja ukutani, maana ukuta mzuri huonekana hata kwa ngozi.

"Na rangi, Maalem?" Thami aliuliza.

"Rangi ni bibi harusi. Huja mwisho, na watu wote humtazama yeye. Lakini nyumba imejengwa na wengine."

Maneno hayo Thami aliyameza kama dawa. Alijiambia kwamba kama rangi huja mwisho, basi yeye atakuwa bwana wa yote yanayotangulia. Na akawa kweli. Alichora nyota za ncha nyingi kwa bikari na uzi, mistari ikipishana na kurudiana bila kukosana hata unywele. Maalem Allal, ambaye hakumsifu hata mkewe, alisimama juu ya mchoro wa Thami akatema mate pembeni, na kwa mzee yule kutotukana ndiyo ilikuwa sifa.

Zaidi ya hapo, ufundi wenyewe ulikuwa umemtengea mahali pa kujificha. Vigae vya Fez havipangwi uso juu. Mkataji hukaa na nyundo yake yenye makali, hukata kigae kilichochomwa mpaka awe na vipande vya umbo la lozi, nyota, misalaba na shoka. Mpangaji huvipanga sakafuni kimoja kimoja vikiwa kifudifudi, rangi imeinamia chini, mgongo wa udongo mwekundu ukitazama juu. Mchoro wote umo kichwani mwake, tena umegeuzwa, kulia kuwa kushoto. Vikishakaa humwagiwa chokaa na saruji, hungojewa vikauke, ndipo bamba zima huinuliwa na kugeuzwa, na bibi harusi hufunuliwa uso. Kwa hiyo wakati wa kupanga kila mtu hutazama udongo mtupu. Thami alipoligundua hilo aliona raha ambayo hakuwahi kumwambia mtu: hapo wote hawakuwa na rangi, kama yeye.

Palikuwa na shida moja tu. Vipande hutoka makapuni, na lazima ujue umeingiza mkono kapu gani.

Aliyemwokoa ni Sellam. Walikuwa wanafunzi pamoja, Sellam upande wa kukata, kijana mrefu, mcheshi, mwenye mikono isiyokosea. Siku moja Maalem Allal alipokwenda kuswali, Sellam alitazama makapu, akatazama safu ambayo Thami alikuwa ameshaipanga, kisha akainama na kuanza kubadilisha vipande kimyakimya. Alichukua vya asali akatia vya kijani, mpaka safu ikatimia.

"Utasema?" Thami akauliza.

"Niseme nini?" Sellam akapuliza vumbi mikononi. "Kesho kijani kitakuwa kushoto kwako, asali kulia. Kushoto, sheikh, ulipo moyo. Moyo wako si unajua uko wapi?"

Na kesho yake kijani kilikuwa kushoto. Na kesho kutwa, na miaka yote iliyofuata. Maalem Allal alikufa, karakana wakaichukua wao wawili, na kila asubuhi Sellam aliyaweka makapu kabla hajavua kanzu yake ya jalaba. Wakiulizwa na wafanyakazi kwa nini makapu hayasogezwi, Sellam alikuwa na jibu tayari: "Kijani ni rangi ya Mtume, nakiweka upande wa kibla. Adabu tu." Na kweli, mahali Thami alipozoea kukaa mle karakanani, kibla kilikuwa kushoto kwake. Watu wakaona Sellam ni mcha Mungu. Hata Zhor aliona hivyo, maana Sellam alikuwa ameshamwoa.

Zhor alimpenda mumewe, na aliichukia karakana. Kukata vigae ni kula vumbi. Wakataji wa Fez huanza kukohoa wakiwa bado vijana, wakasingizia baridi. Mwaka mmoja ikaja habari njema: tajiri wa Meknes alimtaka Sellam asimamie ghala lake la vigae, kazi ya kukaa kitini na kunywa chai, vumbi ulione kwa wengine. Zhor akafunga mizigo siku hiyohiyo. Sellam akakataa.

"Kwa nini?" Zhor alilia, na Thami alikuwa amekaa palepale kwenye godoro la wageni. "Nipe sababu moja yenye kichwa na miguu!"

"Kaka yako atafanya kazi na nani?"

"Fez nzima imejaa wakataji! Ukitupa jiwe linampata mkataji! Thami, mwambie basi. Mwambie aende."

Thami alitazama gilasi yake ya chai, majani ya nanaa yaliyoelea ambayo kwake yalikuwa na rangi ya chai yenyewe. Neno moja lilitosha. Alifungua mdomo, akanywa.

"Mwenyewe ndiye anayejua," akasema.

Hilo ndilo lililokuja kumtafuna. Lakini wakati ule alitoka akashukuru Mungu njia nzima, akatembea mwepesi, na usiku akala vizuri. Woga una tabia hiyo, humlisha mtu akashiba.

Kifua cha Sellam kilianza kuvuma kama mvukuto miaka michache baadaye. Majira ya baridi yaliyofuata akawa haamki kitandani. Ilikuwa wakati huo ambapo watu wa kichochoro chao walikubaliana kuifanya upya chemchemi ya mtaa, ile yenye bomba la shaba mahali wanapojaza ndoo, ukuta wake ulikuwa umebanduka muda mrefu. Hajj Mfaddal, mkubwa wa kichochoro, alikuja kumwambia Sellam kwamba wangependa iwe kazi yake. Hakusema "ya mwisho," ila kila mtu alilisikia.

Sellam akaagiza nyundo yake iletwe kitandani.

"Vumbi lilelile lililokulaza ndilo unaniletea chumbani?" Zhor aling'aka.

"Niache, Zhor. Kazi hii ni ya maji ya watu."

Alikata siku anazoweza, kidogo kidogo, mgongo ukiwa kwenye mto. Mchoro aliuchora Thami: nyota kubwa, na maji yatokee katikati yake. Rangi alizichagua Sellam.

"Lozi za moyoni ziwe za kijani," alimwambia Thami alipokuja kumtazama. "Maji yatoke kwenye kijani, sheikh. Asali izunguke nje, ukingoni. Nimekata sawa kwa sawa, hakitabaki kipande. Nataka mtu akijaza ndoo aone bustani."

"Inshallah."

"Na makapu..." Kikohozi kikamkata. Alipopata pumzi, Zhor alikuwa ameshaingia na bakuli la supu ya shayiri.

"Makapu yana nini?" akauliza Zhor.

Wanaume wawili wakatazamana. Thami alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Sellam akamwonea huruma hata pale, mwenyewe akiwa ndiye wa kuhurumiwa.

"Makapu yawe mazima," akasema. "Vipande visidondoke."

Baadaye, Thami alipokwisha kwenda, alimwita mkewe akamwagiza kwa namna aliyoiona haitamwaibisha mtu: "Siku kaka yako atakapopanga, uniwekee kapu la kijani upande wa kibla. Wewe mwenyewe, usimwachie mtu. Ameshazoea hivyo." Zhor akaahidi. Sellam alizikwa Alhamisi, mvua ikinyesha, na Thami alibeba jeneza pembe ya mbele kutoka nyumbani hadi kaburini, hakukubali kupokewa.

Paa la karakana lilikuwa linavuja, na Zhor hakutaka vipande vya mumewe vitoke nyumbani kabla havijapangwa. Basi Thami alikuja kupanga bamba uani kwa dada yake, penye sakafu iliyo sawa na mwanga wa kutosha. Zhor alikuwa amevaa nguo nyeupe za eda. Makapu alishayaweka. Alikuwa ameyaweka tangu alfajiri, kwa mikono yake, na la kijani lilielekea kibla, kama alivyoagizwa.

Sasa tazama jinsi balaa linavyojua kuingia bila kubisha hodi. Chumba cha upande mmoja wa ua kilikuwa na wanawake waliokuja kumliwaza mfiwa, mlango uko wazi, wengine wamevua mitandio. Mwanamume mwenye adabu hawezi kukaa akawatazama. Thami akavuta mkeka wake akauzungusha, akawapa wanawake mgongo. Alipokaa hivyo, kibla kilikuwa kulia kwake.

Hakufikiri kibla. Neno la kibla kwake lilikuwa jibu la kuwafumba wafanyakazi, basi. Yeye aliambiwa kushoto, ulipo moyo. Akatazama kapu la kushoto na la kulia, yote mawili yamejaa lozi za rangi moja, rangi ile ya kahawia iliyopauka ambayo ndiyo ilikuwa dunia yake. Sellam hayupo. Nani ameyaweka haya?

"Ni wewe uliyepanga makapu?" akauliza bila kugeuka.

"Mimi," Zhor alijibu kutoka mlangoni. "Kama alivyoniagiza marehemu. Kwani vibaya?"

Palikuwa na swali moja tu lililobaki kuulizwa, swali ambalo mtoto wa kuota meno angeliuliza. Kipi ni kijani, dada? Lakini wanawake walikuwa wakisikia, na aliyesimama mlangoni ni yuleyule aliyeruka kwa mguu mmoja. Na mtu gani aliyeitwa Maalem nusu ya umri wake atauliza hivyo katika nyumba ya msiba?

"Si vibaya," akasema. "Mungu amrehemu. Alikumbuka kila kitu."

Akaingiza mkono kushoto.

Alipanga vizuri kuliko alivyowahi kupanga. Kila kipande kilikuwa na Sellam ndani yake, kingo zilizokatwa kwa mkono unaotetemeka na bado hazikukosea. Mara mbili tatu machozi yalidondoka juu ya udongo, akayafuta kwa kiwiko cha mkono. Makapu mawili yaliisha kwa pamoja, hakikubaki kipande, sawa kwa sawa kama alivyoambiwa, na hilo likamtuliza kabisa. Mtu huyu kwa kazi yake alizoea kugeuza kila kitu kichwani, kulia kukawa kushoto na kushoto kukawa kulia. Siku ile moja tu ndiyo hakugeuza.

Bamba lilimwagiwa saruji, likakauka. Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya swala, wanaume wa kichochoro walikuja kuligeuza, na wake zao wakaja kuona, kila mmoja akiwa ameacha kuskusi jikoni. Hajj Mfaddal akasoma dua. Wakaliinua, wakaliegemeza ukutani, uso nje, umejaa vumbi na chokaa. Thami alichovya kitambaa majini akaanza kuufuta, kutoka juu kuja chini, taratibu, kwa heshima anayooshwa nayo maiti.

Alipomaliza alirudi nyuma kutazama. Mistari ilikuwa imefungana. Nyeusi ilibana nyeupe, buluu ilishika pembe zake, nyota iliita jicho katikati na kuliachia ukingoni. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote za maisha yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alifurahi. Akaweka kidole moyoni mwa nyota.

"Zhor, sogea uone," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Hiki hapa kijani cha mumeo. Maji yatatokea hapahapa, kwenye kijani, kama alivyotaka."

Watu walikitazama kidole, kisha wakamtazama yeye.

Alidhani wamezidiwa na huzuni. Kisha Lalla Batoul, jirani asiyejua kunong'ona, akasema, "Maalem, unatutania siku ya leo? Hiyo si asali?"

Mtu mmoja akacheka, akidhani kweli ni utani, akajikuta anacheka peke yake. Kidole cha Thami kilibaki pale pale. Aliwatazama watu usoni mmoja mmoja, kama alivyozoea kumtazama Sellam akikwama, akitafuta jicho la kumwelekeza. Hakulipata.

"Nilitaka kusema ukingoni," akasema. Kidole kikaondoka, kikazunguka hewani bila kujua kitue wapi, kikarudi palepale kwenye asali.

Mafundi wawili waliokuwapo walitazama chini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na kifo cha mwenziwe, na wote waliokuwa uani walitamani wangekuwa mahali pengine.

"Ni msiba," Hajj Mfaddal akawahi kusema. "Mtu akifiwa macho yanavurugika. Mimi baba yangu alipokufa nilivaa jalaba nje ndani. Haya, jamani, tubebe."

Ulikuwa mlango wa kutokea, mzee wa watu alimfungulia. Lakini Zhor alikuwa amesimama akitazama mahali ambapo makapu yalikuwa, kisha mahali ulipokuwa mkeka, kisha upande wa kibla. Mawazo yake yalikuwa yanakwenda mbali na kurudi.

"Kala nyasi," alisema polepole, "kadhani asali."

"Zhor," Thami alisema. "Tafadhali."

"Kijani nilikiweka upande wa kibla. Aliniambia wewe umezoea hivyo."

"Mimi aliniambia kushoto."

"Aliniambia ni adabu kwa rangi ya Mtume. Miaka yote. Nikawaambia wanawake wenzangu, mume wangu ni mcha Mungu, hata makapu anayaelekeza kibla." Akashika kizingiti. "Meknes," akasema.

Watu hawakuelewa. Thami alielewa, akaketi juu ya ndoo ya chokaa.

"Ulikuwepo," Zhor akasema. "Nilikuomba umwambie aende. Ukanywa chai."

Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaingia ndani, akafunga mlango, na wanawake wakabaki uani wasijue waondoke au wamfuate.

Bamba halikuweza kurekebishwa. Kulivunja kungevunja vipande vyote alivyokata Sellam, na hakuna wa kukata vingine kama vile. Likabebwa likawekwa ukutani kama lilivyo. Wapita njia wasiojua husimama wakalisifu, nalo kweli ni zuri. Kosa lake wanalijua wa kichochoro kile tu, na wao walikubaliana bila kukaa kikao kwamba halitazungumzwa. Hakuna aliyemcheka Thami. Walimsalimia kama zamani, wakamwita Maalem, ila sasa walilitamka kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko wimbo wa Zhor.

Hakupanga tena. Vijana wa karakana walimwambia wako tayari kumwekea makapu popote atakapo, wakasema kwa heshima, wakitazama pembeni. Akakataa. Alichukua nyundo ya Sellam, akakaa kwenye kigoda cha Sellam, akawa mkataji. Kwa mkataji rangi haina kazi. Unaletewa vigae vya rangi moja, unatafuta mstari, unatoa umbo. Vumbi lilimkaa kwenye nyusi na kope. Mkewe, Ghita, alimgombeza ajifunge kitambaa puani, akasema atajifunga kesho.

Eda ya Zhor iliisha, akaanza kutoka. Alikuwa hajasema na kaka yake. Akimwona kichochoroni alipita upande wa pili, na kichochoro chenyewe upana wake ni punda mmoja.

Asubuhi moja Thami alikuwa chemchemini akinawa vumbi kabla ya kwenda kazini, Zhor akaja na ndoo. Nyuma yake wanawake wengine walikuwa wanakuja. Hakuweza kurudi bila kuonekana anarudi, basi akaweka ndoo chini ya bomba, akasimama akitazama maji.

Thami alijifuta mikono kwenye jalaba.

"Zhor," akasema. "Kijani ni kipi?"

Zhor hakugeuka. Ndoo ilikuwa inajaa, sauti ya maji ikipanda. Kisha akamshika kaka yake kidole, kilichokauka na kujaa mikwaruzo, akakiweka juu ya lozi ya ukingoni.

"Hiki."

Akakisogeza kwenye lozi ya pili. "Na hiki." Akakizungusha ukingo mzima, hiki na hiki na hiki, mpaka wakarudi walikoanzia. Mikono yake ilikuwa ya baridi kwa maji.

"Umeona ilivyo kazi ndogo?" akamwuliza.

"Nimeona."

"Mume wangu alikufa kwa kazi ndogo hii."

Akafunga bomba, akainua ndoo, akaenda zake, akipinda kidogo upande wa uzito. Wanawake wakasogea na ndoo zao. Walingoja, kisha mmoja wao akasema kwa upole, "Tupishe, Maalem." Lakini Thami alikuwa bado ameshikilia kidole pale kwenye ile lozi ya mwisho, kwa sababu alijua akikiondoa hataitambua tena.